Bolti Nane

…na hata akisema badilisha, nani atamlaumu, bodi la nyuma limeoza, kila mwenye macho anaona limeoza, mkwewe mwenyewe ndiye anayesema limeoza, tena yuko chini ya pikapu sasa hivi, chali juu ya kipande cha boksi, kinachoonekana ni buti zake mbili tu zenye matope ya theluji inayoyeyuka, na kila akichomeka bisibisi kwenye bati anaita, "Ona hii, Baba," kana kwamba Arvid anaweza kuona chochote akiwa amesimama huku juu na kikombe cha kahawa mkononi, "ona, inaingia kama kwenye mkate," na kutu inamwagika sakafuni kama chenga za mchele, kwa hiyo aseme tu badilisha, neno moja, neno ambalo hata Jodi analitaka, bodi jingine si lile pale juu ya magogo mawili karibu na ukuta, limetoka Arizona, jangwani huko ambako gari huzeeka kwa jua tu, bati lake kavu, halijaonja chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani maisha yake yote, Arvid alipoingia aliligonga kwa kifundo cha kidole likalia kama sufuria mpya, na hili la kwake ukiligonga halilii, linakohoa… "Bolti nane, Baba," anasema Jodi kutoka chini, sauti yake inagonga kwenye chesisi na kutoka nzito kama ya mwanamume, "nane tu, nazikata, nalining'iniza lote zima kwenye winchi, naliteremsha kwenye trela, mtu wa skrepa anapita Ijumaa, kwisha habari, na takataka zako humo humo, hata kufagia hufagii," hata kufagia hufagii, amesema hivyo mwenyewe, hajui anachomfungulia mlango, mwenye nyumba kasimama mlangoni anamwambia mwizi pita baba, pita, angalia kizingiti usijikwae.

"Au nikutengenezee hilihili, kama moyo umelipenda," Jodi anaendelea, na bisibisi inagonga ko, ko, ko, "nikate sakafu yote ya kati nichomelee bati jipya, siku mbili, tatu, na mwaka kesho urudi na tundu jingine, ila hapo tutaitoa hiyo plaiwudi na makorokoro yako yote, siwezi kuwasha moto chini ya mbao, nitateketeza karakana na sisi ndani yake, sasa sema, Mzee, bolti au moto?" na Arvid amesema, "Ngoja nimalize kahawa," kwa sababu katika vilima hivi vya shaba iliyokwisha hakuna mtu, hata polisi, hata mchungaji, anayemharakisha mwenzake aliyeshika kahawa, ni adabu waliyokuja nayo babu zao kutoka Ufini pamoja na sauna na kununa, kwa hiyo ana kikombe kimoja cha muda, kikombe na robo akiomba kuongezewa, na kahawa bado inafuka moshi… miaka sabini na minne, hamsini kati ya hiyo msituni anakata miti, aliwahi kujitoa mwenyewe kipande cha msumeno kwenye paja na kuendesha gari maili thelathini huku kiatu kikijaa damu, na leo anaiogopa plaiwudi, kipande cha mbao futi nne kwa nane, juu yake kuna mnyororo, koleo, magome ya kuni za mwaka juzi, na chini yake… chini yake kuna miguu minne.

Miguu ya suruali, ya jinzi za kazi za mwanawe Darrel, suruali mbili zilizokatwa chini ya nyonga, kila mguu umeshonwa juu na chini kwa uzi wa kuvulia samaki, mshono mara mbili, Jodi ndiye aliyeishona, mwezi wa kumi ule, mezani jikoni na miwani puani, kwa sababu pikapu ni nyepesi nyuma kama mkia wa kuku, kila mtu huku analijua hilo kabla hajajua kusoma, theluji ya kwanza ikianguka unaweka uzito juu ya ekseli, wengine huweka matofali ya zege, wengine kuni mbichi, wengi mchanga, na barafu ikiondoka ziwani unautoa, unautoa, haya ni maneno aliyomwambia Darrel tangu kijana ana miaka kumi na mitano, "mchanga unaingia na theluji unatoka na theluji, ukiuacha unafyonza chumvi, na chumvi hailali," na Darrel, kabla mshono wa juu haujafungwa, aliijaza ile miguu mchanga mweusi wa ufukweni, ule uliotupwa na machimbo yaliyokufa, akaipanga nyuma ya pikapu yake miwili miwili, na watu dukani wakamwuliza hao jamaa wawili umewakata viuno wapi, akacheka mpaka akashika mlango wa gari, "muulizeni mke wangu," alisema, "anafanya mazoezi kabla ya zamu yangu," na mguu mmoja ulikuwa na doa la rangi nyekundu ya mlango wa sauna, na mwingine kiraka cha kitambaa cha mirabaraba gotini, Arvid hahitaji kuinua mbao kujua, anajua kiraka kiko upande wa dereva, kimeangalia juu, ndiye aliyekiweka hivyo… "Baba, umelala huko?" "Nakunywa." "Kahawa gani hiyo, unaitafuna?"

Hakuiba, huo ndio ukweli, kama kuna mtu yeyote duniani anauliza, hapa watu hawafungi milango, unachukua ngazi ya jirani, unachukua msumeno wa shemeji, unarudisha na kitu juu yake, samaki, chupa, mkate, na mwana ni mwana, nani humwomba mwanawe mchanga, alifika pale kwao giza likiingia, Ijumaa, redio ilikuwa imesema inchi kumi na mbili kabla ya asubuhi, na mchanga wake mwenyewe alikuwa hajauweka, uvivu tu, kiuno, alisema kiuno lakini ulikuwa uvivu, na Jumamosi asubuhi kulikuwa na mashindano ya karata kwenye ukumbi wa kanisa, akaegesha barabarani, akawaona dirishani wanakula, watatu, Kaisa wa miaka sita wakati ule amepiga magoti kwenye kiti, Darrel anainua uma wenye kitu kinachoning'inia na mtoto anacheka, na Arvid hakubisha hodi kwa sababu angebisha wangemketisha, wangemlisha, Kaisa angemng'ang'ania mguuni, na yeye alitaka kulala mapema kwa ajili ya karata, akaihamisha miguu minne mmoja mmoja kifuani kama anayehamisha watoto waliosinzia, kutoka gari la mwana hadi gari la baba, dakika tano, hata mbwa hakubweka, mbwa alimjua, akasema moyoni kesho saa sita nairudisha, Darrel Jumamosi hatoki, Jumamosi Darrel hulala mpaka saa nne, nairudisha na mkate wa iliki wa mke wangu Irja juu yake, na mkate aliuweka kabisa kwenye kiti cha abiria asubuhi ile, umefungwa taulo, ukakaa pale majuma mawili mpaka ukaota ndevu za kijani na mke wake akauliza taulo langu liko wapi.

Jumamosi Darrel hatoki… ila Irja alimpigia simu, saa mbili asubuhi, theluji imejaa juu ya paa, baba yako kaenda karata, naogopa paa litatuangukia, na Darrel akaamka, akachukua koleo la paa na ngazi, akaja, alikuwa anakuja kwao, alikuwa anakuja kuliondolea theluji paa la baba yake, na kilima cha Saari kile kina kona chini kabisa kabla ya daraja, gari tupu nyuma linaingia kona ile kama mtoto kwenye mteremko wa sabuni, na lori la magogo lilikuwa linapanda… na Arvid saa ile alikuwa na mkono mzuri wa karata kuliko yote aliyowahi kushika mwaka mzima, anasogeza vijiti vyake vya kuhesabia pointi kwenye ubao, anawatania wenzake, "kalieni viti vyenu vizuri, nawapitia," alishinda, huwezi kuamini, alishinda samaki mkubwa aliyekaushwa kwa moshi, alikuwa amemkumbatia kwenye gazeti wakati polisi wa kaunti alipoingia mlangoni akavua kofia, na theluji iliyokuwa kwenye kofia ikaanguka yote sakafuni kwa pamoja, na Arvid akawaza, mtu mzima mwenye akili zake, akawaza, nani atafuta maji haya.

"Aaa, mama yangu!" Jodi chini ya gari, buti zimejikunja, bisibisi imeanguka, "nini," anasema Arvid, "nini, umeumia?" na kahawa imemwagikia kidole gumba lakini hasikii moto, "mchanga," anasema Jodi, anatema, "mchanga umeniingia jichoni na mdomoni, nimetoboa tu kidogo umenimwagikia, subiri," na anajivuta nje kwa visigino, anakaa kwenye boksi lake, jicho moja limefumba, anajipangusa kwa mgongo wa mkono, na kwenye shavu lake kuna mstari mweusi, mweusi kabisa, wa ziwani, Arvid anauangalia ule mstari, basi, imetoka yenyewe, kitu kimechoka kungoja mdomo wa mwenyewe kimepitia tundu la kutu, sasa atauliza, sasa ataangalia mkononi, ataukumbuka… "Kumbe humo juu kuna mchanga!" anasema Jodi, "sasa naelewa, nilikuwa najiuliza mbona kwingine bati lina afadhali na hapa juu ya ekseli limekuwa chapati, mchanga huo una muda gani?" Arvid anasema, "Una muda." "Muda gani?" "Misimu… misimu kadhaa." "Na hukuutoa?" "Nilisahau," anasema Arvid, na neno limetoka laini, limezoea njia, na Jodi anamwangalia kwa jicho moja lililo wazi, kisha anacheka, si kicheko kibaya, kicheko cha mtu aliyechoka kulia jambo moja, anasema, "Kumbe kusahau ni ugonjwa wa ukoo wenu, baba kasahau kuutoa, mwana kasahau kuuweka, na mimi fundi wenu, nifanyeje na nyie," na anavuta jicho lake kwa vidole, anapepesa, anasema, "mwanao yule, Mungu amrehemu, kichwa chake kilikuwa pakacha, nilimshonea minne, Baba, minne, vidole vilinivimba."

Vidole vilivimba, anajua, alimsikia hospitalini, siku ile, chini ya zile taa ambazo hazimwachi mtu na uso wake, polisi alisoma kwenye daftari, barafu, tairi za wastani, nyuma hakuna uzito, na Jodi akasema, "Upo, angalia tena, nilimshonea minne," na polisi akasema, "Mama, nyuma ni tupu, kuna ngazi na koleo," na Jodi akageuka, hakumgeukia mama mkwe wake, hakumgeukia mchungaji, alimgeukia yeye, Arvid, aliyekuwa bado amemkumbatia samaki kwenye gazeti kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia amweke chini, akauliza, "Baba, mchanga uko wapi?" na mchanga ulikuwa nje, mita thelathini kutoka pale, kwenye maegesho, chini ya theluji mpya, angeweza kunyoosha kidole, kidole kimoja, akasema, "Huenda alisahau," yeye ndiye aliyelisema, neno lile halikuzaliwa na polisi wala na Jodi, yeye baba mtu ndiye aliyemvisha mwanawe neno lile akiwa bado ana joto nyuma ya mlango ule, na kesho yake kaunti nzima ilikuwa inalo, dukani, kanisani, Darrel Kinnunen alisahau mchanga, maskini, kijana mzuri lakini mzembe, na Jodi akalipeleka mpaka kwenye jeneza, alisimama pale akiwa na koti la kuazima, akasema mbele ya watu wote, "Minne, Darrel, nilikushonea minne, ungekuwa unanipenda ungeiweka," na watu wakainamisha vichwa, na Arvid naye akainamisha, akaangalia viatu vyake… usiku wa siku ile ya hospitali, aliporudi nyumbani, alichukua plaiwudi kutoka bandani akaifunika, kwa siku moja tu, mpaka mazishi yapite, kisha mpaka matanga ya Irja yapite, hapana, Irja alikuja kufa mwaka uliofuata, mambo yanamchanganya, Irja kwenye kitanda kile cha chuma alimshika mkono akasema, "Darrel hakuwa mzembe, nilimzaa mimi, nilimlea mimi, mtoto yule alikuwa anakunja soksi zake," na alikuwa anauliza, masikini, hakuwa anasema, alikuwa anauliza, alitaka mtu mmoja tu amwambie kweli, hakuwa mzembe, na mtu huyo alikuwa amekaa pale na mkono wake mkononi, akamwambia, "Pumzika."

Na huenda hata kwa mchanga angekufa, lori lilikuwa na tani arobaini, huenda, tairi zenyewe zilikuwa zimekwisha, huenda, miaka mitatu anaitafuna huenda hii kama ng'ombe, asubuhi anaitema jioni anaila tena, na wakati yeye anatafuna mchanga chini ya mbao ulikuwa nao unafanya kazi yake, unanyonya maji, unanyonya chumvi ambayo Jodi mwenyewe huimwaga barabarani, maana nje ya karakana hii ya nyumbani kwake ameajiriwa kwenye karakana ya kaunti, anachomelea magari ya kusukuma theluji na ya kumwaga chumvi, hutania kwamba usiku anawamwagia chumvi mchana anawachomelea mashimo, njaa itamkuta wapi, na mchanga ulikuwa unakula bati taratibu, na Arvid alikuwa anausikia, wallahi kama wasemavyo wengine, akiendesha alikuwa anausikia nyuma yake, uzito ule, gari halikuyumba hata mara moja, miaka mitatu gari lake limetulia barabarani kama kanisa, kila kona ya barafu aliyoipita salama aliipita kwa mchanga wa mwanawe… kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, husemwa, na hapa pakacha limevuja kweli, mchanga uko kwenye shavu la Jodi, nafuu iko wapi, au nafuu ndiyo hiyo bolti nane, winchi inyanyue, bodi lipande hewani na plaiwudi yake na mnyororo wake na miguu minne, litue kwenye trela, Ijumaa lipondwe liwe mchemraba mdogo kama friji, jinzi na kiraka na doa jekundu vyote ndani, na hakuna mtu atakayejua, wala hakuna atakayeumia zaidi ya alivyokwisha kuumia, si ndivyo, Jodi ameanza kucheka, umeona, amecheka sasa hivi, kwa nini umnyang'anye mtu kicheko kilichochukua miaka mitatu kurudi, huo ni wema, kunyamaza ni wema, badilisha, sema badilisha, fungua mdomo, Mzee, b—

"Kaisa naye ndio huo huo ugonjwa, ila wake umegeuka upande wa pili," anasema Jodi, ameegemea tairi, anasafisha bisibisi kwa kitambaa, haongei naye hasa, anaongea na kitambaa, "leo asubuhi, Baba, mwezi wa nne huu, barabara imekauka, kanizungukia nyuma ya gari kafungua buti, 'Mama, mchanga upo?' nikamwambia mwanangu theluji imekwisha, akasema, 'Lakini upo?' mpaka nikamwonyesha," na Arvid anajua, alishaona, majira yote haya ya baridi alikuwa akienda kumchukua shuleni mtoto hapandi, miaka tisa, mfuko mgongoni, anazunguka nyuma ya pikapu, anasimama kwa ncha za vidole, anachungulia plaiwudi, "Babu, mchanga upo?" na yeye hujibu, "Upo, mama, panda," na mtoto huuliza, "Mwingi?" na yeye hujibu, "Mwingi," na ndipo hufunga mkanda, na siku moja, mwezi wa pili, kilima cha Saari kilekile, mtoto akiangalia mbele na mikono magotini kama mtu mzima, akasema, "Mimi sisahau, Babu. Mimi si kama baba," bila huzuni, kama anayesema mimi napenda maziwa, na Arvid aliendelea kuendesha, alishika usukani akaendelea kuendesha, na futi sita nyuma ya kisogo cha mtoto yule, chini ya mbao, baba yake alikuwa amelala katika miguu minne ya suruali, alikuwa hajasahau kitu, alikuwa amejaza, amepanga, ameweka, kila kitu kama alivyofundishwa… mimi si kama baba, ataolewa na neno hilo, atazaa nalo, atakuwa bibi kizee mahali fulani anazunguka nyuma ya magari ya watu, na atawaambia wajukuu, baba yangu alikuwa mzembe, alikufa kwa sababu alisahau, na wakati huo bodi la Arvid litakuwa limeshayeyushwa likawa misumari na makopo, na atakayeweza kusema vinginevyo atakuwa chini ya theluji pamoja na Irja aliyeambiwa pumzika.

Kwa hiyo si kicheko cha Jodi anachokilinda, hebu tuache uongo, kikombe kiko nusu, ni yeye mwenyewe, ni kiti chake kwenye meza ya Jodi siku za Jumapili, ni neno lile Baba, hana mtu mwingine duniani wa kumwita Baba, akiinua mbao ile atalipoteza, huenda, si huenda, atalipoteza, huyu mwanamke hasamehi kirahisi, hakuwasamehe hata waliomletea maua ya plastiki, atamwambia toka karakanani kwangu, atamfunga Kaisa ndani, na atakuwa na haki, na Arvid atarudi nyumbani kwa miguu, maili nne, matope, kiuno, kwenye nyumba yenye paa ambalo halina tena mtu wa kuliondolea theluji, hili ndilo analolipima tangu alipoingia hapa, si bati kwa bati, si jangwa kwa chumvi, ni mzee mmoja mwenye kahawa upande huu, na upande ule kijana aliyekuwa anakunja soksi zake, na miaka mitatu mzani umelala upande wa mzee, kwa sababu mzee yu hai na ana mdomo, na kijana hana… "Haya, Mzee," anasema Jodi, anasimama, magoti yanalia, anapiga vumbi matakoni, jicho limekuwa jekundu lakini limefunguka, "kahawa hiyo hata ng'ombe angekuwa ameimaliza, nisikie neno, bolti au moto, mtoto ananifikia na basi saa tisa," na tayari ameshika spana kubwa, ameshaamua, amemwuliza kwa heshima tu, anaelekea bolti ya kwanza, na Arvid anasema, "Tengeneza."

"Nini?" "Hilihili. Litengeneze." Jodi anamwangalia, anaangalia bodi la Arizona lililokaa pale zuri, kavu, anamwangalia tena, "Baba, nimekufuatia bodi lile kwa mwuzaji maili mia mbili," "Najua," "hili ni chapati, nimekwambia ni chapati," "Najua, mama Kaisa," "Wafini nyie!" anasema Jodi, anatupa spana kwenye ndoo, inapiga kelele mpaka njiwa wanaruka darini, "mnaoa vyuma, mnazikwa na vyuma, haya, mimi nani, gari lako, ukaidi wako, lakini basi tunautoa mchanga huo sasa hivi, wote, na mbao, njoo, shika kule upande wa dereva, mimi huku," na anazungusha mnyororo, anautupa chini, anatupa koleo, anafagia magome kwa mkono, na Arvid anaweka kikombe juu ya meza ya kazi, kahawa iliyobaki bado ina mvuke mdogo, amechukua muda mfupi hivyo, na mikono yake hii iliyokata msitu mzima inashika ukingo wa plaiwudi, ukingo una unyevu, umelainika, na ng'ambo ya mbao ni uso wa Jodi na ule mstari mweusi shavuni ambao hakuufuta wote, na anasikia sauti yake mwenyewe, ndogo, kavu, kabla hajajua kwamba ameitoa.

"Darrel hakusahau."

"Umesemaje?" anasema Jodi, amekwisha kuinama, ameshika, yuko tayari, "sikusikia, Baba, sema tena, tunainua kwa tatu," na anahesabu moja, anahesabu mbili, na Arvid anainua upande wake.